Sun City ya Afrika Kusini: ilivyozaliwa porini, kilichomo ndani, na namna ya kufika ukitokea Mbeya

Mtu wa Uyole

Wakuu salaam. Kwenye ule uzi wa utalii wa kusini kuna mdau kakomaa kwamba tukijengewa hoteli kubwa ya kasino kwenye ziwa la kreta la Ngozi au ufukwe wa Matema, watu watamiminika kama wanavyomiminika Sun City. Kabla hatujaanza kugawana viwanja, tuiangalie Sun City yenyewe. Wengi wetu tunaijua kwa picha ya lile jumba lenye minara, basi.

Ipo Jimbo la Kaskazini Magharibi, jirani na mji wa Rustenburg. Kutoka Johannesburg ni saa 2 hadi 2 na nusu kwa gari. Ilifunguliwa Desemba 1979. Aliyeijenga ni Sol Kerzner, mtu wa hoteli aliyezaliwa Johannesburg 1935 na kufariki Machi 2020. Ndiye huyohuyo aliyekuja kusimamisha hoteli ya Atlantis kule Bahamas na ile ya Dubai ya 2008.

Sasa jiulize: mtu ana Johannesburg yenye pesa mlangoni, kwa nini aende kujenga kwenye miiba? Sababu ni sheria. Serikali ya makaburu ilikuwa imepiga marufuku kamari kwa sheria ya 1965, ikaacha mbio za farasi tu. Kisha tarehe 6 Desemba 1977 serikali hiyohiyo ikakitangaza kipande cha ardhi kiitwacho Bophuthatswana kuwa "nchi huru" chini ya Lucas Mangope. Nchi yenyewe ilikuwa viraka vilivyotawanyika, kiraka hapa, kingine kule, na hakuna taifa lililoitambua zaidi ya Afrika Kusini yenyewe na bantustani wenzake, yaani "nchi" nyingine kama hiyo walizotengewa Waafrika. Lakini kwa makaratasi ilikuwa nje ya Afrika Kusini. Marufuku ya kamari ikaishia pale mpaka ulipochorwa.

Kerzner akaweka kasino upande wa pili wa huo mstari, kwenye kiraka ambacho mtu wa Johannesburg au Pretoria anakifikia bila kulala njiani. Mteja anatoka nyumbani Jumamosi baada ya chai, kabla ya mchana yuko kwenye mashine, tena bila kuvunja sheria ya kwao. Biashara nzima ilisimama juu ya mstari wa ramani. Hilo mliweke akilini, tutalirudia.

Kihesa Juu

Kamwene mkuu. Umeanza vizuri, ila usiirukie siasa, maana ndiyo iliyoipa Sun City jina duniani, zuri na baya.

Kwanza walinunua umaarufu kwa michezo na muziki. Oktoba 1980 Mike Weaver alimlaza Gerrie Coetzee kwa KO raundi ya 13 palepale, pambano la ngumi la mkanda wa dunia wa WBA uzito wa juu. 1981 wakamleta Frank Sinatra aimbe kwenye ukumbi wao wa Superbowl. Mwaka huohuo wakaanzisha shindano la gofu la wachezaji 5 tu walioalikwa: Jack Nicklaus, Gary Player, Lee Trevino, Seve Ballesteros na Johnny Miller. Miller alimshinda Ballesteros baada ya mashimo 9 ya nyongeza, akaondoka na dola 500,000. Wakati ule hapakuwa na shindano la gofu lililolipa hivyo. Ilipofika 1987, Ian Woosnam akawa wa kwanza kubeba dola milioni 1 nzima.

Upande wa pili kulikuwa na vikwazo. Umoja wa Mataifa ulishatoa wito wasanii wasiende Afrika Kusini, na Sun City wakajitetea kwamba "hapa si Afrika Kusini". Bendi ya Queen walipiga pale Oktoba 1984 na kurudi Uingereza wakakuta chama cha wanamuziki kimewatoza faini. 1985 Steven Van Zandt, mpiga gitaa wa Marekani, akakusanya wasanii wengi wakatoa wimbo wenye jina la hoteli hiyohiyo, ujumbe wake mmoja: hatutapiga Sun City. Kumbukeni na sisi tulikuwa upande gani. Ukitoka Iringa kwenda Dar, pale Morogoro unapita jirani na Mazimbu, ambako ANC walikuwa na shule yao. Kwa watu wale, "nchi huru" ya Mangope ilikuwa tusi.

Mlima Rungwe

Nyongeza kuhusu mahali penyewe. Sun City imekaa kwenye ukingo wa Pilanesberg, na Pilanesberg ni mabaki ya volkano. Si kama Rungwe yetu ambayo bado ina umbo la mlima wa juzi. Ile ina zaidi ya miaka bilioni 1, kilele kimeshaliwa na mvua na upepo, yamebaki mapete ya vilima yanayozungukana. Ukiitazama kutoka angani ni kama alama ya kikombe kwenye meza.

Hifadhi ya wanyama humo ndani ilifunguliwa 1979, mwaka uleule wa hoteli, wala si bahati. Eneo lilikuwa la mashamba na makazi. Familia za Wakgatla zilihamishwa, uzio ukapigwa, kisha wakaleta wanyama kwa malori kutoka sehemu nyingine, takriban 6,000, kwenye kazi waliyoiita Operation Genesis. Kwa hiyo tembo, vifaru na twiga unaowaona leo ni uzao wa waliopandishwa lori. Hifadhi ina takriban kilomita za mraba 550. Ruaha yetu ni zaidi ya mara 30 ya hapo, lakini ya kwao ina lami katikati na haina malaria, vitu viwili ambavyo familia yenye watoto wadogo inaviuliza kabla ya kuuliza simba.

Mwanjelwa Kwetu

Mnasema historia tu. Ndani kuna nini? Mtu akilipa anapata nini?

Mtu wa Uyole

Nakuja hapohapo. Hoteli ziko 4 ndani ya uzio mmoja. Ya kwanza ni ile ya 1979 yenye kasino, ndiyo yenye kelele na watu wa usiku. Cabanas ni ya bei ya chini kidogo, vyumba vinaangalia bustani na bwawa, watoto wengi. Cascades ipo katikati kwa hadhi, ina maporomoko ya maji ya kutengeneza. Ya mwisho ni Palace, ile yenye minara. Hizi hazifanani bei hata kidogo, na kosa linalorudiwa ni mtu kubuki Cabanas kisha kushangaa kwamba hajalala kwenye jumba la picha. Soma jina la hoteli kwenye buking, usiishie kwenye neno Sun City.

Palace ilifunguliwa Desemba 1992 pamoja na eneo zima linaloitwa Lost City. Ina vyumba 338, na ilijengwa kwa takriban miezi 28. Wabunifu walitunga hadithi ya mji wa kale uliopotea kwa tetemeko la ardhi, halafu wakaujenga "ulivyofukuliwa". Msije mkadanganywa na baadhi ya kurasa za utalii, hakuna ustaarabu wowote uliochimbuliwa pale. Ukisogea karibu na kuta ndipo unaona kazi: zege limechongwa nyufa kwa makusudi, kingo zimemegwa, rangi imepakwa ifanane na jiwe lililolowa mvua miaka mingi. Kila nguzo ina mnyama au jani la mchikichi. Uani amesimama tembo mkubwa wa sanamu, Shawu, aliyepewa jina la tembo wa kweli wa Kruger ambaye pembe yake ndefu ilipita mita 3. Msitu unaolizunguka jumba nao umepandwa, hekta kama 25, miti na vichaka zaidi ya milioni 1 kwenye ardhi iliyokuwa kavu.

Kuna daraja la mawe lenye tembo wawili wawili pembeni. Kwa saa zilizopangwa linatikisika, moshi unatoka na ngurumo inasikika, kuigiza lile tetemeko la hadithi. Mtoto asiyeambiwa mapema analia, kwa hiyo mwambieni.

Dada wa Soweto (Soweto ya Mbeya, msiniulize ya Johannesburg)

Na ule ufukwe wa mawimbi?

Mtu wa Uyole

Valley of Waves. Ni bwawa kubwa lenye mchanga wa kuletwa. Mashine iliyofichwa nyuma ya ukuta inakusanya maji na kuyaachia kwa mkupuo, wimbi linafika karibu urefu wa mtu mzima. Linakuja kwa vipindi, na kabla yake kuna mlio. Mambo matatu ya kuzingatia hapo.

Kiingilio cha getini na cha maji si lazima kiwe kimoja. Mgeni wa siku moja analipa kuingia Sun City, maji yana tiketi yake. Anayelala hotelini aangalie buking yake inasemaje. Sikukuu na mwisho wa mwaka nafasi za wageni wa siku zinajaa, ukifika getini saa 5 bila tiketi ya mtandaoni unaweza kurudishwa. La pili, baridi. Juni na Julai asubuhi ya kule inakaribia nyuzi 3 au 4, mtu wa Makete au Kitulo anaelewa, na ndiyo miezi wanayofanya matengenezo ya mabwawa. Familia inayofuata maji iende Septemba hadi Aprili. La tatu, kuna mtelezo mmoja mrefu unaoshuka karibu wima. Wanapima urefu wa mtoto kwa kijiti, hawabembelezwi.

Kihesa Juu

Kwa wacheza gofu: viwanja ni 2, vyote kazi ya Gary Player. Kile cha zamani ndicho cha shindano kubwa. Shimo la 9 kisahani chake, ile nyasi fupi yenye tundu, kimezungukwa na maji, na wengi wanapoteza mpira kwa kutaka kufika kwa mapigo mawili. Cha Lost City kina shimo la 13 ambalo kisahani chake kimechongwa umbo la bara la Afrika, na kwenye bwawa la mbele yake kuna mamba. Mamba hai. Mpira ukiangukia humo, uhesabu umeenda.

Halafu mashindano ya urembo. Miss World ilifanyikia pale miaka 4 mfululizo, 1992 hadi 1995, ikarudi 2001. Hiyo ya 2001 ndiyo Agbani Darego wa Nigeria alivikwa taji.

Karata Mezani

Nimesubiri mtu aiguse kasino, naona mnaizungukazunguka kama mbwa na moto. Uzi wa kasino bila hesabu ni porojo, kwa hiyo nawawekea.

Chukueni ruleti, ule mchezo wa kimpira kwenye gurudumu la namba. Gurudumu la sifuri moja lina vyumba 37: namba 1 hadi 36 na sifuri ya kijani. Ukipatia namba moja unalipwa 35 kwa 1. Sasa fanya upumbavu wa makusudi: weka randi 1 kwenye kila chumba, jumla randi 37. Lazima mmoja ushinde. Unapewa 35, na ile randi yako 1 ya ushindi inabaki, mkononi una 36. Umepoteza 1 katika 37, asilimia 2.7. Hiyo ndiyo riziki ya kasino, na haijali umebetije, nyekundu, nyeusi au namba ya siku ya kuzaliwa. Gurudumu lenye sifuri mbili lina vyumba 38 na malipo ni yaleyale, makato yanapanda hadi asilimia 5.26. Kwa hiyo kabla ya kukaa, hesabu sifuri.

Sasa linganisha kwa saa. Ruleti ya randi 25 kwa mzunguko, mizunguko kama 35 kwa saa: umezungusha randi 875, makato ya wastani randi 24 hivi. Mashine ya sloti unabonyeza randi 3 tu, unaiona ya maskini. Lakini inabonyezeka kila sekunde 6, mara 600 kwa saa, umezungusha randi 1,800. Ikiwa imepangwa kubaki na asilimia 6, saa moja imekula randi 108. Mashine yenye sura ya bei nafuu imekuchuna mara 4 na zaidi ya meza. Ndiyo maana kasino yoyote duniani imejaa mashine, na meza zimewekwa chache.

Blekijeki, karata za kufikia 21, ndiyo yenye makato madogo, karibu nusu asilimia kwa anayejua lini aongeze karata na lini aache. Angalia maandishi ya mezani: blekijeki yenyewe (karata 2 za kwanza kufika 21) ikilipwa 3 kwa 2, kaa. Ikiandikwa 6 kwa 5, nyanyuka, makato yameongezeka kwa zaidi ya asilimia 1.

Na wale wa "nikikosa nadabo hadi nipate": ukianza na randi 25 ukakosa mara 7 mfululizo, umeshatoa randi 3,175 na beti ya nane inadai 3,200, yote ili upate faida ya randi 25. Kukosa mara 7 mfululizo kwenye nyekundu na nyeusi hutokea takriban mara 1 katika kila 106 unazoanza, na meza ina kikomo cha beti kitakachokuzuia kudabo zaidi. Wachana mikeka wa Kabwe na Mafiati mnaijua hii kwa jina jingine.

Umri ni miaka 18, kitambulisho ni pasipoti. Kadi ya uanachama inatolewa bure na inakupa pointi, lakini pointi zinahesabiwa kwa pesa unayozungusha. Ukikimbiza pointi unazungusha zaidi. Wanajua.

Mwanjelwa Kwetu

Mkuu umenivua nguo hadharani. Basi kama ni hivyo kasino inalipa, tujenge Ngozi!

Mtu wa Uyole

Hapo ndipo ule mstari wa ramani unaporudi. Machi 1994 serikali ya Mangope ilianguka, na Aprili 27 mwaka huohuo Bophuthatswana ikarudishwa Afrika Kusini. 1996 ikapitishwa sheria ya taifa ya kamari iliyoruhusu leseni 40 za kasino nchi nzima. Baada ya hapo Johannesburg wakapata za kwao, Montecasino, Gold Reef City na nyingine. Yule mteja wa Jumamosi hana tena sababu ya kuendesha saa 2 kwenda kupoteza pesa ambazo anaweza kuzipotezea dakika 20 kutoka nyumbani.

Iliyoiokoa Sun City si mashine. Ni maji, gofu, wanyama, kumbi za mikutano, na zile nyumba za likizo za kununua wiki kwa mwaka. Kwa bahati yao Palace na mawimbi vilishajengwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mstari kufutwa.

Sasa sisi. Kamari Tanzania si marufuku, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inatoa leseni na kasino zipo Dar. Mtu wa Dar atasafiri kilomita zaidi ya 800 kuja Mbeya kufuata kitu kilichopo mtaa wa pili? Na hata tukisema tunajenga mawimbi: Sun City ina Johannesburg na Pretoria ndani ya saa chache. Ngozi ina nini ndani ya saa 2? Ina Jiji la Mbeya, Tukuyu na Tunduma. Hesabuni mifuko.

Mlima Rungwe

Nakubaliana nusu. Tunduma usiidharau, ile ni pesa ya mpakani. Ila Ngozi yenyewe hapana. Njia ya kwenda kileleni ni ya miguu ndani ya msitu wa hifadhi, mvua ikinyesha udongo unateleza kama sabuni, na kushuka ziwani ni kujishikilia mizizi. Kupeleka pale lami na zege ni kuua kinachofuatwa. Anayetaka kuiga kitu aige lami na vyoo safi, aviweke Kitulo, Daraja la Mungu na Kimondo cha Mbozi. Kasino baadaye sana.

Dada wa Soweto

Ndaga fijo kwa elimu. Sisi wengine tunataka kwenda tu, tuonyesheni njia.

Dereva wa Nakonde

Njia ziko mbili.

Ndege: uwanja wa Songwe hapa Mbeya hadi Dar, Dar hadi Johannesburg kama saa 3 na nusu, kodi gari uwanjani, shika N4 kupitia Rustenburg. Barabara ina vituo vya kulipia, weka randi za mkononi. Wanaendesha kushoto kama sisi. Usiingie njia ile usiku. Baada ya Rustenburg ng'ombe na punda wanavuka bila kuuliza.

Barabara: kama kilomita 2,800, siku 4 kwa madereva wawili, 5 ukiwa peke yako. Mbeya hadi Tunduma kama 110, Tunduma hadi Lusaka kama 1,000, Lusaka hadi Livingstone 475, kisha daraja la Kazungula. Hilo lilifunguliwa Mei 2021, lina urefu wa mita 923, siku hizi pantoni ni hadithi. Toka hapo Nata kama 300, Francistown 190, Gaborone 430, na kutoka Gaborone hadi Sun City imebaki chini ya 200.

Pasipoti yetu haidaiwi viza ya matembezi Zambia, Botswana wala Afrika Kusini, ila iwe na kurasa tupu za mihuri. Mtoto abebe cheti cha kuzaliwa, na akisafiri na mzazi mmoja awe na barua ya ridhaa ya mwingine.

Kadi za manjano ziko mbili na watu wanazichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, hiyo ni ya mwili. Nyingine ni bima ya gari ya COMESA, inanunuliwa kwa wakala wa bima kabla ya kuvuka, na inafanya kazi Zambia lakini inaishia Kazungula. Botswana unalipia bima na barabara mpakani. Gari liwe na kadi yake halisi, barua ya mwenye gari kama si lako, na kibali cha forodha cha muda. Kigongeshe muhuri wa kutoka kila mpaka, usipofanya hivyo unaporudi gari linaonekana halijawahi kuondoka. Pembetatu 2 za tahadhari, Zambia wanazitaka zote mbili.

Kati ya Kazungula na Nata tembo wanalala barabarani kweli. Saa 12 jioni uwe umeshapaki.

Dada wa Soweto

Na parachichi za Rungwe? Nina ndugu kule nimpelekee debe moja.

Dereva wa Nakonde

Hapana dada. Botswana wanapekua gari kwa ajili ya nyama na matunda, kuna sehemu unashuka na kukanyaga dawa kwa viatu. Afrika Kusini nao hawapokei matunda mabichi bila kibali. Mpelekee mchele wa Kyela mkavu uliofungwa vizuri, na wenyewe uutangaze mpakani wakuambie. Parachichi malizeni Livingstone.